Miaka yote hii na Land Rover: ni ubora wa gari au ukaidi wa mwenye gari?

#1 Mzee wa Mang'ola

Wadau, habari za leo.

Vijana wangu nyumbani huniuliza swali moja kila ninapofungua boneti, na kwa kuwa wameshayachoka majibu yangu, nimeona nililete kwenu. Mimi ni mkulima wa vitunguu katika bonde la Ziwa Eyasi, na tangu nianze kumiliki gari la kazi sijawahi kununua gari lisilokuwa Land Rover. Ya kwanza ilikuwa Series III ya 109, injini ya petroli ya lita 2.25, niliyoipata kwenye mnada wakati namba za ST, za serikali, bado zinasomeka chini ya rangi mpya. Hii ya sasa ni Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5.

Wakulima wenzangu karibu wote wamehamia Land Cruiser, hasa zile tunazoziita mkonga, na sina sababu ya kuwabeza, kwa kuwa nawaona wanatoka shambani na kufika Karatu bila kusimama. Hata hivyo nashikilia dai langu kwamba hakuna gari jingine ambalo mtu asiye fundi anaweza kulijua lote. Land Rover ya zamani imefungwa kwa bolti karibu kila mahali: madigadi, milango, paa, hata kioo cha mbele huweza kutolewa na kurudishwa na mtu mwenye spana chache na subira. Nikisikia sauti ngeni najua itokako kabla sijasimama, na ujuzi huo niliupata kwa kulala chini ya gari lenyewe.

Mliobaki na Land Rover mnabaki kwa sababu gani, na mliohama mlihama kwa sababu gani? Wenye kusema kwamba gari ni gari tu, naomba wapite kimya kimya.

#2 Kipande cha Lami

Shikamoo Mzee. Mimi naendesha gari dogo jijini Dar es Salaam na sina haki ya kuchangia, lakini nina swali la utangulizi: kujua sauti zote za gari si dalili kwamba gari lina sauti nyingi mno? Tena tulifundishwa zamani kwamba Land Rover isipodondosha oili, basi oili imekwisha.

#3 Fundi wa Unga Limited

Kipande cha Lami, utani wako tumeuzoea, na oili hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu, kwa hiyo tunaiheshimu.

Mleta mada yuko sahihi, ila ameacha sababu yenye uzito zaidi. Katika ekseli za Land Rover, hafu shafti hufanya kazi ya kuzungusha gurudumu tu, na uzito wa gari hubebwa na bomba la ekseli pamoja na beringi za habu. Shafti ikikatika porini unafungua bolti za flanji na kuivuta nje tairi likiwa bado limekanyaga ardhi, unatoa kipande kilichobaki ndani, kisha unafunga difu ya kati kwenye transifa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) na kurudi nyumbani kwa nguvu ya ekseli ya mbele. Difu hiyo ya kati ilitangulia kwenye Stage One ya V8 ya mwaka 1979, kisha ikazoeleka kwa One Ten ya mwaka 1983, ndiyo 110 iliyokuja kuitwa Defender, inayovuta magurudumu manne wakati wote. Zile nyingine za Series, karibu zote, unachagua mwenyewe kwa kishikio. Kwa upande wa injini, pampu ya dizeli ya 300Tdi ni ya kimakanika, na umeme pekee inaouhitaji ili kuendelea kuunguruma ni ule wa kufungua valvu ya dizeli. Betri ikifa mkasukuma mkiwa kwenye mteremko, mnaondoka.

Na kuna bodi. Waingereza waliijenga kwa alumini kwa kuwa walijua mvua za makoloni yao, ndiyo maana bodi ya mwaka 1965 unaikuta Longido bado inabeba watu, haina kutu.

#4 Mama Safari

Salaam kwenu. Nina kampuni ndogo ya kupeleka wageni mbugani kutoka Arusha, nilianza na Defender na nikazihama zote, kwa hiyo najibu ile sehemu ya pili ya swali.

Fundi ameeleza vizuri jinsi ya kurudi nyumbani gari likiharibika. Katika biashara yangu jambo hilo halina thamani kubwa, kwa sababu mgeni aliyelipia siku tatu Serengeti hataki kushuhudia ustadi wa dereva wangu chini ya gari karibu na Seronera. Anataka simba. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina mwendo wa kujivunia, lakini dereva huijaza mafuta na kuisahau. Spea zake nazipata hadi kwenye miji midogo ambako ukitaja sili ya Land Rover muuzaji anakutazama kwa huruma. Hapa Arusha gereji nyingi zina ujuzi wa kuzirefusha chesisi na kuweka paa la kunyanyua, na siku ninapotaka kuliuza gari napata mnunuzi kabla sijaliosha.

Mzee wa Mang'ola, namheshimu kila abakiye na Land Rover, ila naona anabaki kwa sababu muda wake wa kusimama njiani haumgharimu mtu mwingine.

#5 Kijana wa Mkonga

Mama Safari amemaliza, lakini niongeze machache. Kwanza, hiyo sifa ya hafu shafti ambayo Fundi ameisimulia utadhani ni muujiza, Land Cruiser za kazi za familia ya 70 zinayo vilevile kwenye ekseli ya nyuma. Pili, injini ya 1HZ haina taiming belti, wakati 300Tdi inayo, na kila mtu anajua belti ikikatika valvu hukutana na pistoni. Tatu, mnatetea jina la Kiingereza ambalo mwenyewe Mwingereza alishaliuza kwa Wajerumani.

#6 Fundi wa Unga Limited

Kuhusu ekseli ya nyuma, kijana amesema kweli. Kuhusu belti, hapana. 1HZ ina taiming belti, na kwenye dashibodi kuna taa ya kumkumbusha dereva aibadilishe kilomita zikikaribia 100,000. Wengi hawaijui kwa sababu wameirithi gari taa hiyo ikiwa imeshazimwa na mwenye gari wa kwanza. Nimefungua injini za aina hiyo zilizokatikiwa belti, na hasara yake hailingani na sifa za kijiweni. Ni kweli pia kwamba 300Tdi za mwanzo zilikuwa na tatizo la belti kutembea upande na kulika, likaja kurekebishwa kwa vifaa vilivyoboreshwa. Nauliza kwanza kama vifaa hivyo vilishafungwa, kisha ndipo nazungumza bei.

#7 Mwalimu wa Zamu

Naomba nirekebishe mambo mawili ya historia kabla hayajaota mizizi.

Alumini haikuchaguliwa kwa ajili ya mvua za makoloni. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kibali baada ya vita, ilhali aloi ya alumini iliyotumika kwenye viwanda vya ndege ilikuwapo. Kampuni ya Rover ilihitaji gari la shamba la kuuza nje haraka ili ipate mgawo wa chuma kwa ajili ya magari yake ya kifahari. Faida ya kutoshika kutu ilikuwa nyongeza iliyokuja kusifiwa baadaye.

Kuhusu umiliki, BMW waliichukua Rover mwaka 1994, wakaiuza Land Rover kwa Ford mwaka 2000, na tangu 2008 ni mali ya Tata ya India. Kijana wa Mkonga amechelewa kwa wamiliki wawili.

Baada ya hayo nitoe maelezo yangu, ambayo hayahusu ekseli. Katika Tanganyika na Kenya ya miaka ya 1950, mtawala, daktari wa mifugo, mpima ardhi na mmisionari wote walifika kwa Land Rover, kwa kuwa soko lilikuwa la Mwingereza. Toyota walikuwa na gari lao tangu 1951, lililopandishwa Mlima Fuji hadi kituo cha sita ili kuonyesha uwezo wake, na likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, lakini huku kwetu halikuwa na mlango wa kuingilia. Kizazi cha Mzee wa Mang'ola kilikuta gari moja tu lenye maana ya kazi na cheo. Hayo naona ni mazoea yaliyorithiwa, ambayo baadaye yalitafutiwa sababu za kifundi.

Tena jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Australia ilikuwa nchi ya Land Rover kabisa hadi mkandarasi mmoja, Thiess, alipoingiza Land Cruiser mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mradi wa umeme wa milima ya Snowy. Wakulima wa huko waliziona zikifanya kazi, wakahama, na hawakurudi.

#8 Ole wa Maralal

Hamjambo majirani. Naandika kutoka Kenya, kaunti ya Samburu, mahali ambapo Land Rover haijawahi kuwa mjadala, kwa kuwa ndiyo usafiri wa abiria. Nakubaliana na Mwalimu kuhusu historia, ila sikubaliani naye kuhusu mazoea.

Mimi ni mwenye gari la abiria, na nilinunua Land Rover kwa sababu ndiyo niliyoweza kuilipia. Land Cruiser iliyochoka bado inauzwa kwa bei ya gari, na Land Rover iliyochoka inauzwa kwa bei ya vyuma vyake. Huku watu hupanda ndani, nyuma, juu ya keria pamoja na mbuzi, na njia yenyewe ni mawe matupu, hivyo hakuna mwenye akili atakayelipeleka huko gari la mkopo wa benki. Serikali yetu ilikuwa na Land Rover nyingi, tena zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya, kwa hiyo zilipouzwa kwa minada ziliacha spea na mafundi kila mji. Leo Land Cruiser za kazi zinaunganishwa Mombasa, na polisi wamezihamia. Subirini nazo zichoke, mtaona uaminifu wetu unavyohama bila kuaga.

#9 Mchumi wa Kijiweni

Ole wa Maralal ameingia kwenye hesabu, na mimi nitaendelea hapo hapo, ila kwa upande wa Tanzania.

Mwalimu amesimama miaka ya 1950, lakini kilichomjenga mtu wa Land Rover hapa kwetu ni ukame wa fedha za kigeni wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Spea hazikuwapo. Gari lililoweza kuendelea kuishi ni lile ambalo yalikuwapo mengine ya aina yake yaliyokufa, ili vifaa vihamishwe, na ambalo sehemu zake fundi angeweza kuzichonga au kuzichomelea. Katika hali hiyo mwenye gari alilazimika kuwa nusu fundi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika, na vijana walioanza kuendesha baada ya hapo hawakuhitaji kujifunza chochote chini ya gari.

Kwa hiyo anachokilinda Mzee wa Mang'ola ni mtaji wa ujuzi. Akihamia gari jingine, yale yote aliyojifunza kwa miaka mingi yanabaki bila kazi, na hakuna mtu anayependa kutupa mtaji. Naongeza kwamba wakubwa nao hawakuhama kwa sababu ya ubora peke yake. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada hununua Land Cruiser kwa wingi kupitia kampuni iliyoko Gibraltar ambayo kazi yake ni kuyahudumia hayo, magari yanafika yakiwa yameandaliwa tayari, na dunia nzima ina fundi mmoja na orodha moja ya spea. Aliyeona nembo za mashirika kwenye milango hiyo kwa miaka 30 lazima aamini kwamba hilo ndilo gari la porini.

#10 Mpemba wa Maskati

Asalaam alaykum. Fundi wa Unga Limited amesema bodi haina kutu, na hilo ni la watu wa bara. Nimekuwa na Land Rover Pemba na baadaye hapa Oman, na naomba kuwakumbusha kwamba chesisi ya Land Rover ni ya chuma, imefungwa kama boksi, na ikiingia maji ya chumvi huoza kutoka ndani huku nje inang'aa. Ile alumini yenyewe, palipogusana na chuma pakapata unyevu wa bahari, hugeuka unga mweupe. Tazama ncha za chini za milango. Kwetu visiwani gari lilibaki na bodi nzuri ya kupigia picha na chesisi ya kuchomelea kila baada ya masika.

Hapa Oman Land Cruiser imeshinda kwa sababu ambayo hamkuitaja, nayo ni kiyoyozi. Mtu anayevuka jangwa la Sharqiya mwezi wa Julai hana haja na gari linalofunguka kwa spana chache.

#11 Binti wa Bwana Shamba

Habari zenu nyote. Nimesoma tangu bandiko la kwanza na nimeona wanaume wanatafuta sababu kwenye injini, bei na historia. Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba mkoani Iringa, akapewa Land Rover ya kazi, na alipostaafu akanunua ya kwake. Gari hilo lilipohitaji siku moja ya matengenezo, yeye alikaa gereji siku tatu. Mama aliuliza, na jibu lilikuwa kwamba fundi ametafuta kifaa. Ukweli ulikuwa kwamba gereji ndiko walikokuwa wenzake: dereva mstaafu wa wilaya, katekista aliyekuwa na 109, na fundi mwenyewe aliyewafahamu wote tangu ujana wao. Baba angenunua gari lisiloharibika angekutana na nani?

Ndiyo maana tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilijaa vile. Watu walikuja kutoka mikoani na nje ya nchi, msururu ukafunga barabara, na kila mmoja alifungua boneti hata kama gari lake lilikuwa zima. Mama Safari, ungeitisha tamasha la magari yasiyosumbua, wangezungumza nini?

#12 Mama Safari

Binti wa Bwana Shamba, tungezungumza faida. Lakini umenichekesha, na bandiko lako nimemsomea mume wangu, ambaye hakucheka.

#13 Mzee wa Mang'ola

Nawashukuru kwa michango. Nijibu baadhi.

Mama Safari, umesema muda wangu haumgharimu mtu mwingine. Vitunguu vikikaa njiani vinaoza, na mnunuzi wa Karatu hasubiri, kwa hiyo nami nina wageni wangu. Na kuna jambo hamkulitaja. One Ten ilipokuja mwaka 1983 iliziacha zile springi za tabaka na kuweka za koili mbele na nyuma. Land Cruiser za kazi zilipewa koili mbele mwaka 1999, na nyuma hadi leo zina springi za tabaka. Kwenye njia yetu ya kushuka bondeni, yenye mawe na vumbi la magadi, tofauti hiyo inauhusu mgongo wa dereva mwenye umri wangu. Mkulima wa nyanya ataniunga mkono zaidi ya mkulima wa vitunguu.

Mwalimu, sikatai kwamba Land Rover ilikuwa gari la wakubwa. Nilipokuwa kijana nilikimbia kando yake kama kila mtoto. Lakini mazoea ya utotoni hayamfanyi mtu alipie ovaholi kutoka mfukoni mwake.

Mchumi umenigusa karibu zaidi, ingawa neno mtaji linanifanya nionekane mjanja kuliko nilivyo.

#14 Kipande cha Lami

Mzee, barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, unayopitia kila ukienda Arusha, ilijengwa kwa msaada wa Japani. Nakukumbusha tu, ili siku Mjapani akikupungia mkono umwitikie.

#15 Kijana wa Mkonga

Nimekubali kusahihishwa mara mbili, sasa naomba kuuliza mara moja. Mzee anasema ni mwaminifu kwa Land Rover. Defender mpya ilizinduliwa mwaka 2019 na inatengenezwa Nitra, nchini Slovakia. Haina chesisi ya kujitegemea, kila gurudumu lina springi yake huru, na tatizo lake husomwa kwa kompyuta. Ukipewa pesa, utainunua?

#16 Mzee wa Mang'ola

Hapana.

#17 Mwalimu wa Zamu

Basi swali la mada limebadilika chini ya miguu yetu. Defender ya zamani ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mtu anayekataa kila gari lililotengenezwa na kampuni hiyo baada ya tarehe hiyo hawezi kuitwa mwaminifu kwa kampuni. Ni mwaminifu kwa namna fulani ya kutengeneza gari: chesisi ya ngazi, ekseli ngumu, sehemu zinazofunguka. Na kama namna hiyo ndiyo anayoitafuta, nani anayeiendeleza leo? Toyota. Land Cruiser ya familia ya 70 ilianza kutengenezwa Novemba 1984 na bado inatoka kiwandani, ikiwa na chesisi yake na ekseli zake ngumu. Kwa mantiki yako mwenyewe, Mzee, ulipaswa kuhama.

Mwingine atataja Grenadier ya kampuni ya Ineos, inayounganishwa Hambach, Ufaransa, kwa umbo linalokaribia kabisa la Defender ya zamani na injini za BMW. Hiyo nayo ni kipimo: ukiitamani wewe, basi jina si kitu.

#18 Binti wa Bwana Shamba

Mwalimu, watu hawahami kwa mantiki. Ungemwambia baba yangu hoja hiyo angekuitikia kwa heshima, kisha angekwenda gereji.

#19 Mchumi wa Kijiweni

Nami simkubali Mwalimu moja kwa moja. Tangu mwaka 2016 bei ya Defender nzima imepanda huko Ulaya, na hata hapa nchini mwenye iliyotunzwa hukataa bei ambayo zamani angeishukuru. Anayebaki nayo sasa huenda anashikilia akiba bila kujijua. Ole wa Maralal, wewe uliyenunua kwa bei ya vyuma, chunguza tena bei ya vyuma.

#20 Ole wa Maralal

Nimechunguza, na tatizo langu ni kwamba sijui ninauza nini. Injini ya asili ilikufa chini ya mwenye gari aliyenitangulia. Sasa ndani kuna 3L, ile dizeli ya lita 2.8 ya Toyota Hilux, niliyofungiwa na fundi wa Nanyuki na kuiandikisha NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kama sheria inavyotaka. Rejeta ni ya lori dogo. Viti ni vya matatu. Kadi inasema Land Rover, abiria wanaita Land Rover, na mimi nikilala nalo njiani nalilaani kwa jina la Land Rover. Mleta mada ananiweka kundi gani?

#21 Mzee wa Mang'ola

Ole, hiyo ni Toyota iliyovaa koti la kuazima. Nakuomba uihamishie kwenye uzi wa Kijana wa Mkonga.

#22 Kijana wa Mkonga

Hatumpokei. Springi zake zitatuaibisha.

#23 Fundi wa Unga Limited

Mzee usiharakishe kumfukuza mtu. Nusu ya Land Rover za zamani ninazozipokea zina injini ya kampuni nyingine, na wenyewe ni waaminifu kuliko wewe, kwa kuwa wamelipia kila kitu isipokuwa kuhama. Ole, nina wasiwasi na jambo jingine. 3L haina tabo (turbo) na nguvu yake si kubwa kwa gari zito lenye keria iliyojaa. Kama gia boksi na difu ni za Land Rover ya petroli, unaendesha muda mwingi kwa gia ya pili na ya tatu na rejeta inachemka. Niambie meno ya difu yako, kisha tupige hesabu. Na hilo la unga la Mpemba, nalikubali kwa magari ya pwani, ila huku Arusha sijaliona kwa kiwango anachokisema.

#24 Mpemba wa Maskati

Hujaliona kwa sababu hayo ya pwani hayafiki Arusha, yanaishia Tanga.

#25 Ole wa Maralal

Fundi, difu ni za asili, na kweli linachemka kwenye mlima wa kutoka Wamba nikiwa nimejaza. Meno nitayahesabu Jumapili gari likiwa limepumzika. Mzee wa Mang'ola, koti umelikataa, lakini naomba uniuzie ile gia boksi ya 109 yako ya kwanza, maana sijaona mahali ulipoandika kwamba uliitupa.

#26 Mzee wa Mang'ola

Sikuitupa. Iko ghalani, pamoja na transifa na difu ya mbele. Haiuzwi, lakini piga hodi ukifika Karatu tuzungumze.